Chema Chajiuza? Mshairi Chipukizi, Kijitabu cha Kujichapishia na Wajibu wa Mhakiki

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ndiyo inayomkabili mshairi chipukizi kila anapojaribu kuzinadi tungo alizojichapishia mwenyewe. Akivibeba vijitabu vyake mkobani na kuvipeleka kwenye kongamano, wapo watakaomtazama kwa jicho la kando, wakiona kwamba kule kuvitembeza ni ushahidi tosha wa ubovu wavyo. Sisi wahakiki wa vyuo vikuu hatujawa na ukarimu zaidi. Vijitabu hivi hatuvisomi, hatuvitahakiki, wala hatuviweki maktabani. Tukivisoma huwa ni kwa sababu mwandishi ametuomba dibaji. Na dibaji zetu, kama nitakavyoungama hapa chini, mara nyingi huwa sifa tupu.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza uchapishaji wa namna hii kama suala la uhakiki, si kama suala la biashara tu. Hoja yetu kuu ni kwamba kinachokidhoofisha kijitabu cha kujichapishia si ukosefu wa soko peke yake, bali ni ukosefu wa msomaji wa kwanza, yaani mtu wa kukisoma kabla hakijapigwa chapa na kusema bila kupepesa macho: hili libaki, hili litoke, hili bado. Ushairi wa Kiswahili wa jadi ulikuwa na msikilizaji wa aina hiyo. Mfumo wa uchapishaji wa karne ya 20 ulimweka mhariri mahali pake. Anayejichapishia leo hana yeyote kati ya hao wawili, na mhakiki ambaye angeweza kuijaza nafasi hiyo ameshughulika na vitabu teule vya shule.

Kijitabu ni umbo, si diwani iliyokosa fedha

Kijitabu tunachokizungumzia ni mkusanyiko mdogo wa tungo, aghalabu wa kurasa baina ya 16 na 48, ulioshonwa kwa pini mgongoni. Umbo hili si geni ulimwenguni. Huko Ulaya, hasa Uingereza, wachuuzi walikuwa wakizunguka vijijini kati ya karne ya 17 na ya 19 wakiuza vijitabu vya hadithi na nyimbo kwa bei ya watu wa chini. Barani Afrika, mfano unaojulikana zaidi ni wa soko la Onitsha nchini Nigeria, ambako tangu miaka ya 1940 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka mwaka wa 1967, waandishi, wapiga chapa na wauza vitabu walitoa mamia ya vijitabu vya mapenzi, nasaha na tamthilia.

Kosa la kwanza la mshairi chipukizi ni kukichukulia kijitabu kama diwani ambayo haikupata fedha za kutosha. Diwani hukusanya. Huweza kubeba kazi za mshairi za miaka mingi, mambo ya dini na ya dunia, ya mapenzi na ya siasa, na msomaji hasumbuliwi na mchanganyiko huo kwa sababu anamtafuta mshairi mwenyewe na upana wake. Kijitabu hakina nafasi hiyo. Mwandishi wake hajulikani, kwa hivyo msomaji hamtafuti yeye, anatafuta jambo. Kijitabu cha kurasa 24 chenye jambo moja lililozungukwa pande zote kinaweza kusomwa kwa kikao kimoja na kukumbukwa. Kijitabu hicho hicho kikijazwa shairi moja la UKIMWI, moja la mama, moja la umoja wa taifa na moja la kumsifu gavana, huwa ni ghala tu.

Hapana budi basi mhakiki akisome kijitabu kwa vigezo vyake. Swali si kwamba je, mshairi huyu ameonyesha umahiri katika bahari ngapi, bali ni hili: je, mashairi haya yanahitajiana? Likiondolewa moja, je, mengine yanapungukiwa na kitu?

Mpiga chapa si mchapishaji

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mpiga chapa hugeuza mswada kuwa nakala. Mchapishaji huuchagua mswada, humpa mhariri, huubishania, huugharimia, kisha hubeba dhamana yake mbele ya wasomaji. Mshairi chipukizi huenda River Road kwa mpiga chapa akidhani amekwenda kwa mchapishaji. Mpiga chapa hana wajibu wa kumwambia kwamba shairi la tisa limerudia la nne. Wajibu wake ni kuhesabu kurasa na kupokea malipo. Kwa hiyo anayejichapishia hana budi kutambua kwamba kazi zote za mchapishaji, ikiwemo ile ya kukataa, zimemwangukia yeye.

Historia yetu ina waliozibeba kazi hizo. Shaaban Robert, ambaye leo tunamsoma kana kwamba alizaliwa ndani ya mtaala, hakungoja milango ya wachapishaji wa ng'ambo pekee. Kusadikika ilitolewa na Nelson mwaka wa 1951, lakini kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa akizitoa baadhi ya kazi zake kwa jina la Art and Literature mjini Tanga, kampuni yake mwenyewe. Masomo Yenye Adili ya mwaka wa 1959 ni mojawapo. Baada ya kufa kwake mwaka wa 1962, ndipo kazi zake nyingi zilipotolewa upya na Nelson katika msururu wa Diwani ya Shaaban. Anayeona haya kwa kujichapishia na akumbuke kwamba mshairi mkuu wa karne ya 20 katika lugha hii aliwahi kuifuata njia hiyo. Hata hivyo, asisahau kwamba Shaaban alipofungua kampuni yake alikuwa tayari amekwisha kuzoea jicho la wahariri na wasomaji kwa miaka mingi. Alijichapishia baada ya kusomwa.

Mfano wa pili ni wa Nairobi. David Maillu alianzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka wa 1973, kisha After 4.30 mwaka wa 1974. Aliandika kwa Kiingereza, na vitabu viwili kati ya hivyo vimeandikwa kwa mishororo. Viliuzwa kwa wingi kwa makarani, wahazili na vijana wa mjini ambao hawakuwa na desturi ya kununua mashairi. Maillu aliijua hadhira yake: alijua wanatoka kazini saa ngapi, wanakunywa nini na wanaogopa nini. Wahakiki wengi wa wakati huo walizungumzia maadili yake kuliko walivyoizungumzia mishororo yake. Mwaka wa 1976 vitabu vyake vilipigwa marufuku nchini Tanzania, na Comb Books haikuumaliza muongo huo ikiwa imara. Tunajifunza nini? Kwamba hadhira inaweza kupatikana bila mhakiki, lakini kazi ikikosa uhakiki huachwa mikononi mwa wanaoisifu kwa kuwa inauzwa na wanaoilaani kwa sababu iyo hiyo.

Kughani kabla ya kuchapa

Anayeitumia methali ya chema kujiuza huenda akamtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi baina ya mwaka wa 1776 na wa 1840. Muyaka hakuchapisha kitu. Tungo zake zilibaki katika kumbukumbu za watu wa Mvita hadi mwishoni mwa karne ya 19, zilipokusanywa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na William Taylor. Zikatolewa kitabuni na William Hichens huko Johannesburg mwaka wa 1940, miaka 100 baada ya kufa kwake. Je, huo si ushahidi kwamba chema chajiuza?

Kwa maoni yetu, ushahidi wenyewe unaelekea upande mwingine. Tungo za Muyaka hazikukaa kimya zikingoja kutambuliwa. Zilitungwa kwa ajili ya watu waliojulikana na katika mambo waliyoyajua. Zilipelekwa Lamu katika enzi za uhasama wa miji hiyo miwili, na washairi wa Lamu wakazijibu. Katika malumbano, shairi lenye kina kilicholazimishwa au hoja iliyolegea lilikuwa likirudishwa na aibu yake. Mjibuji ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Methali ilifaa katika soko lile kwa sababu mnunuzi aliijua bidhaa na aliweza kuikataa mbele ya muuzaji.

Magazeti yaliurithi utaratibu huo. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka wa 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji na majibu yake, na kwa miaka mingi ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo umekuwa uwanja wa namna hiyo hapa Kenya. Mtunzi aliyelipeleka shairi lake huko alijua kwamba huenda mtu asiyemfahamu, wa Lamu au wa Kakamega, akazihesabu mizani zake hadharani.

Hata kwa upande wa nathari tuna somo la aina hiyo. Mwaka wa 1968 Abdilatif Abdalla aliandika Kenya: Twendapi?, waraka wa kurasa chache uliosambazwa kwa siri. Haukuwa na jalada, wala haukuzinduliwa hotelini. Ulikuwa na swali moja, na hadhira iliyokuwa ikijiuliza swali hilo tayari. Msomaji wake makini kuliko wote akawa serikali, na mwandishi akafungwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi wa 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni ndiyo yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka wa 1973. Hatusemi kwamba mshairi chipukizi atafute kifungo. Tunasema kwamba udogo wa chapisho haukuwahi kuwa kikwazo mahali ambapo jambo na hadhira vimekutana.

Kijitabu kimoja na dibaji moja

Sasa nitatoa mfano ulio karibu nami. Kwa kuwa kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mwandishi, sitamtaja yeye wala kijitabu chake.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mwalimu wa shule ya upili kutoka sehemu za miwa magharibi mwa Kenya, ambaye nilikuwa nimemfundisha katika shahada ya kwanza. Alikuwa na mswada wa mashairi 31, mkopo kutoka chama chake cha akiba, na miadi na mpiga chapa siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Aliomba dibaji, nami nikaiandika usiku mmoja. Nilisema kwamba ni malenga wa kizazi kipya, kwamba maudhui yake yameigusa jamii katika nyanja zote, na kwamba ametimiza arudhi zote za utunzi bila dosari. Zilipigwa chapa nakala 300. Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa mji wao, na mgeni wa heshima, ambaye hakuwa amekifungua kijitabu, alizungumza kwa muda mrefu juu ya mambo yake mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza nakala zilizouzwa hazikufika 100, na walionunua walikuwa hasa walimu wenzake.

Nilikisoma kijitabu hicho kwa mara ya kwanza, ikiwa kusoma ni kusoma, baada ya miaka miwili. Katika mashairi 31, 14 yalikuwa ya hafla: harusi, rambirambi, kumkaribisha mgeni, kumpongeza mkuu wa shule. Mashairi ya aina hii yana heshima yake pale yanapoghaniwa, lakini kitabuni huwa yamempoteza anayeambiwa. Mengine manane yalikuwa ya nasaha juu ya mihadarati, maradhi na amani. Ungeweza kulifuta jina la mtunzi na kuliweka la mwingine yeyote, na hakuna ambaye angegundua. Katika hayo, inkisari na mazida zilitumiwa ovyo ili kuiokoa mizani, na vina vya kati vilijirudia kama mguu wa cherehani.

Yalibaki tisa. Tisa hayo yalihusu muwa, kuanzia kupandwa hadi siku mkulima anapopokea karatasi ya malipo na kukuta makato yameyazidi mapato. Moja kati yake ni tarbia ya beti tano yenye vipande viwili vya mizani 8 kwa 8, na inasimulia safari ya trekta kutoka shambani hadi penye mizani ya kupimia, huku miwa ikichomolewa njiani. Katika ubeti wa kwanza, kimalizio kina mizani 16 kamili. Katika wa pili kina 15, katika wa tatu 14, katika wa nne 13, na katika wa mwisho 12. Kila mara kinachopungua ni utao, ukwapi haukuguswa. Huu si msuko wa kawaida, kwa maana katika msuko kimalizio hufupishwa kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa shairi linapungua uzito kadiri trekta inavyosonga mbele, na anayelighani huhisi pumzi ikimkatikia mahali ambapo mkulima huibiwa. Mizani ya kiwanda na mizani ya shairi zimefanywa kuwa kitu kimoja. Sikuwa nimekutana na mbinu hiyo, na ilikuwa mbele yangu usiku ule nilioandika kwamba arudhi zote zimetimizwa bila dosari. Sikuwa nimehesabu.

Lililofuata ndilo linalonisukuma kuandika makala haya. Mwalimu mwenzake mmoja alihesabu. Akamwambia kwamba mishororo minne ya shairi lile imepungua, na kwamba hata dibaji ya profesa inashuhudia kuwa mtunzi alikusudia kuzifuata kanuni. Mshairi hakuwa na la kujibu, kwa sababu mtu wa pekee ambaye angeweza kumtetea alikuwa ameandika jambo jingine. Akachukua kalamu na kulisahihisha shairi katika kila nakala iliyobaki, akijaza silabi hadi mizani zikawa 16 kotekote. Nakala niliyoisoma ni mojawapo ya hizo. Maneno ya kujaziwa yameandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, nayo hayana maana yoyote.

Wapo watakaosema kwamba mshairi aliyejua alilolifanya asingekubali kulivunja. Nimelifikiria pingamizi hili. Huenda alilifanya kwa sikio tu, na hakuwa na istilahi za kulitetea. Lakini hapo ndipo hasa mhariri au mhakiki anapohitajika. Washairi wengi huyajua mambo kwa sikio kabla ya kuyajua kwa jina. Anayewapa jina la walichokifanya huwapa pia ujasiri wa kukilinda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo tunavyosema siku zote. Hapa mgema alilitia maji kwa sababu alisifiwa kwa tembo lisilo lake.

Kunadi bila kujidhalilisha

Kutokana na mfano huu na mingine, tunaweza kuyataja machache yanayomhusu mshairi anayekusudia kuichukua njia hii. Hatuyatoi kama kanuni; ni mambo yanayotokana na hoja yetu kwamba hadhira hutafutwa kabla ya chapa.

La kwanza, kijitabu kianze mdomoni. Mashairi yale tisa ya miwa yangeghaniwa penye foleni ya matrekta, mahali ambapo wakulima hungoja saa nyingi, au katika mkutano mkuu wa chama chao cha ushirika. Mtunzi angeona ni ubeti upi unaowafanya wanyamaze na ni upi unaowafanya watazame saa. Tamasha la muziki la shule, ukurasa wa gazeti, redio na siku hizi sauti zinazorekodiwa kwa simu na kusambazwa katika vikundi vya WhatsApp ni mabaraza ya aina hiyo. Tahadhari ni moja: anayesambaza hapo asitosheke na alama za vidole gumba. Na atafute jibu, kwa shairi ikiwezekana.

La pili, achague kwa kuacha. Mashairi tisa yanatosha kijitabu. Yaliyobaki hayajafa, yanangoja zamu yake.

La tatu, achape kidogo na kurudia. Nakala 300 zilizokaa chini ya kitanda ni deni. Nakala 60 zilizokwisha ni sababu ya kurudi kwa mpiga chapa, na ni nafasi ya kusahihisha kosa la kweli. Bei iwe ya noti moja ambayo mnunuzi anayo mfukoni, ili asiwe na haja ya kungoja chenji.

La nne, akipe kijitabu uraia. Nambari ya ISBN hutolewa nchini na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na sheria ya vitabu na magazeti humdai mchapishaji kuwasilisha nakala serikalini. Washairi wengi huyaona haya kama usumbufu wa makaratasi. Lakini kijitabu kisicho na nambari, mwaka wala mahali pa kuchapwa hakiwezi kuorodheshwa na mkutubi, na kile kisichoorodheshwa hakitapatikana na mtafiti wa mwaka wa 2060. Kuhusu hakimiliki, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huilinda kazi tangu inapoandikwa au kurekodiwa, kwa hivyo hofu ya kuibiwa isiwe sababu ya kulificha shairi lisighaniwe.

La tano, nakala za bure wapewe watakaojibu, si watakaosifu. Na tuseme wazi jambo ambalo hunong'onwa katika korido zetu: mwalimu anayewalazimisha wanafunzi wake kununua kijitabu alichojichapishia hanadi, anatoza ushuru. Hadhira aliyoipata namna hiyo humwacha siku ya mtihani.

Wajibu wa mhakiki

Vijitabu vya Onitsha tunavijua leo kwa kiasi kikubwa kwa sababu wapo waliovikusanya na kuvisoma. Emmanuel Obiechina alitoa kitabu kizima juu yavyo mwaka wa 1973, akaitafiti hadhira yavyo, lugha yavyo na hata makosa yavyo. Hakusema kwamba vyote ni vizuri. Alisema kwamba ni fasihi, kwa hivyo vinastahili hoja. Soko lenyewe lilikuwa limeharibiwa vitani. Uhakiki ukawa ndiyo kumbukumbu.

Kwa upande wa ushairi wa Kiafrika ulioandikwa kwa Kiingereza, kijitabu kimepata heshima katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka wa 2014, Kwame Dawes na Chris Abani wamehariri misururu ya vijitabu vya washairi wapya wa Afrika, vikitolewa pamoja katika sanduku moja. Katika sanduku la kwanza alikuwamo Clifton Gachagua wa Kenya, na alikuwamo pia Warsan Shire, aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi Wasomali na ambaye kijitabu chake cha mwaka wa 2011 kilikuwa kimekwisha kumpa jina. Tofauti kati ya vijitabu hivyo na vyetu haiko katika vipaji. Iko katika kwamba kila kimoja kilipata mhariri. Kwa Kiswahili, tuzo iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell imesaidia miswada mikubwa kupata mchapishaji. Kijitabu bado hakijapata mlezi.

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji ruzuku. Kwanza, majarida ya idara zetu yatenge kurasa za kutahakiki vijitabu vilivyochapishwa na wenyewe, kwa ukali na haki ileile tunayoitumia kwa diwani za wachapishaji wakubwa. Pili, kila idara iweke kabati lenye nakala mbili za kila kijitabu kinachoifikia, na wanafunzi wa uzamili wahimizwe kuvichunguza. Tasnifu juu ya vijitabu 12 kutoka kaunti moja ingetufunza mengi kuliko tasnifu nyingine juu ya kitabu teule kilekile. Tatu, mhadhiri anayeombwa dibaji asiikubali kabla ya kuusoma mswada wote na kumrudishia mwandishi maoni ya kurasa mbili. Tunao mfano wa kuiga: utangulizi na uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin katika Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyotolewa mwaka wa 1971, ambamo anayemtambulisha mshairi amefanya kazi ya kumwelewa kwanza. Asiye na muda wa kufanya hivyo na aseme kwamba hana muda. Kukataa nako ni heshima.

Hitimisho

Tulianza kwa methali, na si nia yetu kuikana. Chema chajiuza, ndiyo, lakini kwanza sharti kiwe kimeonwa na mtu anayejua kutofautisha chema na kibaya, na aliye tayari kulisema hilo kwa sauti. Mshairi chipukizi anaweza kujipatia mpiga chapa, fedha, ukumbi na wanunuzi. Kitu asichoweza kujipatia mwenyewe ni jicho la pili.

Mwalimu yule amenitumia mswada mwingine, safari hii mfupi. Nilimwomba kwanza anipe ruhusa ya kulirudisha lile shairi la trekta katika hali yake ya awali, likiwa na maelezo ya nusu ukurasa juu ya kimalizio kinachopungua. Alijibu kwamba atafikiria, kwa kuwa amekwisha kulizoea lilivyo sasa. Ana haki hiyo. Nami nimelikalamu shairi hilo upya pembeni mwa nakala yangu, mizani 16 hadi 12, ili walau mahali pamoja lisomeke kama lilivyotungwa.